Taa ya nje ya jirani inamulika mpaka chumbani: tupeane uzoefu

Goba, Dar
Habari zenu wakuu. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili la taa za nje maana watu wanakaa nalo rohoni hawasemi. Jirani yangu kafunga flodilaiti ya LED wati 100 kwenye kona ya ukuta, mwanga mweupe pee, na kaielekeza mbele badala ya chini, kwahiyo inaingia moja kwa moja chumba cha watoto. Pazia tumeweka zito, ila feni ikilipeperusha kidogo tu ule mwanga unampiga mdogo usoni anashtuka. Kufunga dirisha na joto la huku haiwezekani. Taa siipingi, vibaka wapo na kila mtu ana haki ya kulinda kwake, ila na mwenzio naye alale jamani. Nyie mlielewanaje na majirani zenu?

Arusha
Pole sana mkuu. Sisi tulipitia kwa mama wa nyumba ya jirani mwenye taa, yeye na mke wangu wako kikoba kimoja. Hatukwenda kulalamika, wife alimwita tu jioni aje achukue mboga, akakaa sebuleni wanapiga stori mpaka giza likaingia taa yao ikawashwa. Akasema "heee, kumbe ndo inakuja huku!" Na kweli alikuwa hajui, kwake taa inatazama nje hawaioni kabisa. Kesho yake kijana wao kapanda ngazi, kalegeza boliti za pembeni, kaiinamisha, basi.

Mwanza
Mi ni fundi umeme. Wateja wengi wanaamini taa kali ndo ulinzi, si kweli. Ikimulika usoni inapofusha, mwizi akijibanza kwenye kivuli pembeni yake mlinzi hamuoni maana macho yashazoea ule ukali. Mi nafunga uso wa taa uangalie chini, na geti la nyumba ya kawaida wati 10 mpaka 20 zinatosha kabisa. Chagueni mwanga wa njano, kwenye boksi imeandikwa 3000K, ule mweupe wa 6500K una bluu nyingi inayochelewesha melatonini, ile homoni ya usingizi. Ukiweza weka sensa iwake mtu akipita. Na za sola nyingi zinakuja na rimoti ya kupunguza mwanga, watu wanaitupia kwenye droo hawaigusi tena.

Kitengela, Kenya
Kwetu shida ilikuwa wadudu. Mvua ikianza Nairobi fly hufuata taa nyeupe, wale wa mistari mieusi na ya rangi ya machungwa. Hawaumi, lakini ukimponda kwa ngozi ile sumu inakuchoma vibaya sana. Mpulize tu aende, kisha uoshe na sabuni. Mtoto wa jirani aliamka shingo yote imebabuka, hapo ndio keateka, msimamizi wa nyumba, akaweka balbu za njano kwa korido na wadudu wakapungua.

Morogoro
Wangu aligoma katakata, eti nahamisha vipi ulinzi wake. Nikaenda kwa mjumbe, akaja mchana, akaangalia ukuta akaondoka. Nikamrudia nikamuomba aje saa tatu usiku, akasimama mwenyewe dirishani kwangu, hapo ndo akamwita jamaa wakaongea wakakubaliana saa nne taa inazimwa inabaki ya sensa. Kwahiyo mkuu wa Goba, ikibidi ufike huko, mpeleke mjumbe usiku taa ikiwa imewaka.