Hivi afisa ustawi wa jamii anaruhusiwa kuipinga sera anayoitekeleza mwenyewe?

Wadau, naombeni tulijadili hili maana limenikaa rohoni muda sasa. Kwenye kikao kimoja mwenzetu alisema kazi ya watu wa ustawi ni kumhudumia mteja basi, sera waachiwe wanasiasa, na wengi wakamuunga mkono. Mi nakataa.

Kuna bibi mmoja nilimjazia fomu ya msaada wa fedha. Zile fomu mnazijua, hazitegemei kipato maana watu wengi hawana hati ya mshahara, zinaangalia paa, sakafu, mko wangapi ndani, mna redio au hamna, halafu kompyuta inatoa alama. Paa lake ni bati. Bati lenyewe aliezeka mwanawe kabla hajafariki, na humo ndani kuna wajukuu watatu na kitanda kimoja, lakini fomu haina mahali pa kuandika kwamba aliyeezeka hayupo tena. Akakosa. Niliporudi kumwambia akaniuliza, "Kwa hiyo niling'oe, mwanangu?" Nilikosa cha kumjibu.

Sasa niambieni, kuamua kwamba mwenye bati siyo maskini, hiyo siyo siasa? Kuna watu walikaa mezani wakaamua, na yule bibi hawajui, ananijua mimi niliyeenda na fomu. Rufaa nilimwandikia ndiyo, ila rufaa ni ya mtu mmoja, kile kipengele kinabaki palepale kinamngoja mwingine.

Na siyo jambo geni kwenye fani hii jamani. Florence Kelley, mwanaharakati wa Marekani, akiwa anaishi Hull House, nyumba ya kuhudumia maskini kule Chicago, alikuwa anaingia kwenye vyumba vya ushonaji anaandika hali ya watoto wanaofanya kazi mle, na zile taarifa zikachangia kupatikana sheria ya jimbo la Illinois ya 1893 iliyokataza watoto chini ya miaka 14 kuajiriwa viwandani. Angeishia kumtafutia kila mtoto msaada wake, mngesema kafanya kazi yake?

MCHANGIAJI: Mkuu nakuelewa, ila unaongea kama mtu asiye na bosi. Ukianza kuandika barua za kupinga unahamishwa, wateja wako wanabaki na nani? Halafu hela haitoshi. Ukitoa vigezo kila mtu anapanga foleni na aliye hoi kabisa ndo anasukumwa nyuma. Afadhali kigezo kibovu kuliko kiongozi wa mtaa kujaza ndugu zake kwenye orodha, hayo nimeyaona kwa macho yangu.

MLETA MADA: Hapo kwenye ndugu umesema kweli tupu, sibishi. Ila siyo lazima tuchague kati ya alama za kompyuta na kiongozi wa mtaa, kuna nchi zimetumia umri. Lesotho tangu 2004 inamlipa pensheni kila mzee wa kuanzia miaka 70 asiyepata pensheni nyingine ya serikali, paa lake haliangaliwi, na Lesotho siyo nchi tajiri. Ndiyo, mzee mwenye uwezo naye anaingia, hiyo gharama ipo na ni kubwa, lakini mi bora apate mmoja asiyehitaji kuliko akose yule bibi.

Kuhusu kuhamishwa, ukienda peke yako utahamishwa kweli. Sisi tulianza na daftari tu, kila anayekosa tunaandika kilichomwangusha, bila jina wala chochote cha kumtambulisha, na baada ya muda "paa" likawa linajirudia ukurasa hadi ukurasa mpaka inaumiza kusoma. Barua tumeipitisha kwenye chama cha taaluma, haina sahihi ya mtu mmoja. Majibu bado. Nyie wenzangu, kwenye fomu zenu kipengele gani kinaangusha watu wengi? Niandikieni hapa, nataka tuviunganishe kabla hatujakumbushia barua.