Mjadala: Je, kampuni imiliki rangi ya kifungashio?

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili. Kampuni kulinda jina na nembo yake, sina ugomvi nako. Ninachopinga ni rangi tupu, isiyo na jina wala mchoro, kusajiliwa kuwa alama ya biashara.

Tazameni zambarau ya Cadbury. Mwaka 2004 kampuni hiyo iliomba nchini Uingereza isajiliwe zambarau yenye namba 2685C katika Pantone, orodha ya rangi inayotumiwa na wachapaji, kwa ajili ya chokoleti. Washindani wao, Nestlé, wakaweka pingamizi. Mahakama Kuu ikasimama na Cadbury, lakini Oktoba 2013 Mahakama ya Rufani ikalikataa ombi. Lililoiangusha ni maneno yake yenyewe: ilitaka ulinzi pale zambarau inapokuwa rangi kuu ya kifungashio. Kuu kwa kiasi gani? Ikichanganywa na rangi zipi, na kwa mpangilio upi? Mshindani angechapisha karatasi zake bila kujua kama ameshavunja sheria. Na hapo Cadbury hawakuchoka: 2022 Mahakama Kuu ikawakubalia sehemu ya maombi mengine. Miaka 18 ya mawakili kwa rangi moja! Mwenye kiwanda kidogo cha chokoleti angeimudu kesi ya namna hiyo kwa fedha zipi?

Mahakama ya Ulaya iliiona hatari hii mwaka 2003, ilipoamua shauri la Libertel, kampuni ya simu ya Uholanzi iliyotaka rangi ya chungwa. Ilisema mnunuzi ni nadra kupata nafasi ya kulinganisha mikolezo ya rangi, hivyo sajili chache tu zinaweza kumaliza rangi zote zilizopo. Na tukumbuke hataza (patent) ya uvumbuzi huisha baada ya miaka 20, ila alama ya biashara huhuishwa kila miaka 10 bila ukomo. Aliyevumbua kitu anapewa muda, aliyechagua rangi anapewa milele. Hili mimi linanikera sana.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo sikuungi mkono. Umemsahau mnunuzi. Wapo wasiojua kusoma, wapo wenye macho hafifu, yupo mtoto aliyetumwa dukani. Hao wote wanashika rangi kwanza. Anayeiga rangi iliyozoeleka anawavizia watu hao hao.

Marekani jambo hili liliamuliwa 1995. Qualitex walikuwa wakiwauzia madobi pedi za mashine za kupigia pasi, za rangi ya kijani yenye dhahabu. Kampuni ya Jacobson ikaja na pedi za rangi inayofanana. Majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba rangi peke yake inaweza kuwa alama, mradi wanunuzi wameshaihusisha na mwenye bidhaa. Hiyo hofu ya rangi kwisha waliijibu: rangi ikiwa na kazi katika bidhaa, hailindwi. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya rufaa ya huko ilikuwa imekataa nyeusi ya injini za boti isisajiliwe, kwa sababu nyeusi inaendana na boti ya rangi yoyote na huifanya injini ionekane ndogo. Kinga ipo, mkuu.

Mwanzisha mada

Ndugu, hoja ya asiyejua kusoma ni nzito na naipokea. Lakini kumzuia mtu asiuze mali yake kana kwamba ni ya mwenzake kunawezekana bila kumpa yeyote hati ya rangi. Mlalamikaji aje athibitishe kuwa wanunuzi wamedanganyika.

Halafu toka kwenye chokoleti, uende kwenye dawa. Kampuni ya dawa ya Glaxo walikuwa na usajili wa zambarau ya kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, wakautumia dhidi ya Sandoz, watengenezaji wa dawa za bei nafuu. Usajili huo ukabatilishwa, na 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaafiki, kwa kuwa haikueleweka unalinda nini hasa. Wagonjwa wa pumu huko wamezoea kutofautisha vifaa vyao kwa rangi. Cha kutuliza haraka kwa kawaida ni bluu. Dawa ya bei nafuu ikilazimishwa kuvaa rangi ngeni, anayebabaika ni mgonjwa anayehema.

Kama lazima zisajiliwe, basi iwe namba moja ya rangi, bidhaa moja, kifungashio chote, na ushahidi kutoka kwa wanunuzi wenyewe. Nje ya hapo, ombi likataliwe. Wengine mnasemaje: dawa nazo ziruhusiwe, au ziondolewe kabisa?