MJADALA: Afya ya dunia kama shahada ya kwanza, mtoto asome au aanze na fani nyingine?

Wakuu, heshima kwenu.

Binti wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), na kapata udhamini wa kusoma Marekani. Nyumbani walishaanza kumwita daktari. Sasa anasema udaktari hataki, uuguzi hataki, anataka afya ya dunia: kwa nini ugonjwa uleule unaua huku kuliko kule, chanjo analipia nani, sera anatunga nani. Ukoo umegawanyika, nikaona niulete hapa.

Msimamo wangu: masomo mazuri, ila si ya kuanzia.

Duke, chuo cha Marekani chenye ushirikiano wa miaka mingi na hospitali ya KCMC ya Moshi, hakimruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kusoma afya ya dunia peke yake. Lazima aibebe pamoja na fani nyingine kamili. Wenye kozi wenyewe wameliona hilo! Na Tedros, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ambaye kila mtu humtaja kuonyesha kwamba si lazima uwe daktari wa tiba, alianza na biolojia Asmara, akasomea kinga ya mwili London, ndipo akachukua uzamivu wa afya ya jamii Nottingham.

Halafu kuna kurudi. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inaweza kuitambua shahada, lakini ajira ya serikali inakwenda kwa muundo wa utumishi. Fungua tangazo lolote la ajira za afya: daktari, muuguzi, mfamasia, mteknolojia wa maabara, afisa afya mazingira, kila mmoja na baraza lake la usajili. Huyu wetu ataishia kusubiri miradi, na miradi tumeiona. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia alikuwa Dodoma, Tedros pembeni yake, akithibitisha ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Siku hiyohiyo kule Washington Trump akasaini kuitoa Marekani WHO na kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufika Julai mosi, USAID, shirika la misaada la Marekani, haikuwa na mradi wa kuendesha. Waliobeba maboksi yao ofisini ni watu wa ufuatiliaji na tathmini, watu wa takwimu, waratibu. Kumfuatilia kwa siku 21 aliyemgusa mgonjwa, nyumba kwa nyumba, ni kazi ya bwana afya, muuguzi na mhudumu wa ngazi ya jamii, mradi uwepo usiwepo.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji (afisa afya mazingira):
Mkuu, ahsante kwa kututaja, ila usitufanye fimbo ya kumchapia binti. Mimi ndiye bwana afya unayemsema. Nyumba kwa nyumba nakwenda, fomu najaza. Fomu inaniuliza kaya ina watu wangapi, imeniachia mistari kumi. Nimefika msibani, watu hamsini wamelala matanga, wengine wametoka wilaya jirani na kesho wanaondoka. Niwaandike wapi? Hiyo fomu imetungwa mbali, na aliyeitunga hajawahi kukaa kwenye turubai la msiba wetu. Ukiwafundisha watoto wetu wote kuchoma sindano tu, huko mezani watabaki walewale na fomu itakuja ileile. Mwache asome.

Mchangiaji (mama wa mwanafunzi):
Jamani, kabla hamjagawana ukoo: Marekani vyuo vingi mtoto haingii na fani mkononi. Anachukua masomo mchanganyiko, fani anaitangaza mwaka wa pili. Mnagombania kitu ambacho hata yeye hajajaza. Muulizeni kwanza masharti ya udhamini, hapo ndipo penye kesi.

Mtoa hoja:
Mama, masharti nitayaulizia leo.

Bwana afya, hoja ya fomu nimeipokea na imenikaa. Lakini tazama: aliyeliona kosa ni wewe uliyefika msibani, na hukulijulia darasani kwa afya ya dunia. Mtu wa namna yako akiongezewa sera ndiye nataka akae Geneva, makao makuu ya WHO. Ndiyo maana bado nasema achukue takwimu au afya ya mazingira, hiyo nyingine iwe ya pili, kama Duke wanavyofanya.

Ninayemtafuta sasa ni aliyerudi na shahada hiyo peke yake, Bongo au Kenya, akaajiriwa nje ya miradi. Uliingia kwa cheo gani, na nani alikusajili?