Kipimo kinasema damu yangu inachelewa kuganda, mguuni imeganda. Naomba ushauri

Mtulivu_Nje: Wakuu, nilivimba mguu mmoja, ikaonekana damu imeganda kwenye mshipa. Kingamwili za antikadiolipini ziko juu, na lupasi antikoagulanti imeonekana, nayo ni kingamwili, ndiyo inayochelewesha damu kuganda kwenye kipimo. Daktari kasema tupime tena baada ya wiki 12. Naweza kupumzika warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nikisubiri?

Kisiki: Pole. Shemeji yangu alivimba miguu yote, kumbe figo. Kunywa maji.

BiMkubwa: Mabinti wa siku hizi mnajipangia dozi wenyewe!

Mlalahoi: Chai hii. Kitu cha kuchelewesha damu kuganda ndicho kikugandishe? Mtunzi hukujipanga.

Maabara_Usiku: Si chai. Kwenye kichupa, kingamwili hizo zinashika fosfolipidi za kipimo, yaani mafuta yanayosaidia damu kuganda, damu inachelewa. Mwilini zinachokoza ukuta wa mshipa na chembe sahani, zile chembe za damu zinazoshikana kuigandisha, donge linatokea. Wengine hata kipimo cha kaswende huwatokea chanya na kaswende hawana! Kurudia baada ya wiki 12 ni kwa sababu maambukizi yanaweza kuzipandisha kwa muda. Dawa haisubiri majibu hayo. Dada, kingamwili hizo hutoa mimba pia; zimewahi kukutoka?

Kisiki: Subiri, hapo kwenye kaswende. Shemeji yuleyule ndoa ilivunjika kwa karatasi hiyo.

Mtulivu_Nje: Tatu, zote kabla ya wiki ya 10. Sikuona kama zinahusiana na mguu.

BiMkubwa: Mwanangu, na hilo ulikuwa unalificha nini?

Mtulivu_Nje: Basi niseme yote. Siku zangu zimepita, nimepima, ninayo. Warfarini nimeshaacha. Nilisoma inaharibu mtoto, mlitaka niendelee kumeza?

Mlalahoi: Kwanza mguu, sasa mimba. Ukurasa wa pili mapacha.

Maabara_Usiku: Ulichosoma ni kweli, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Lakini haiachwi mkono mtupu, inabadilishwa: sindano za heparini, ambayo haivuki kondo la nyuma, pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Sasa hivi huna kinga yoyote, na ujauzito wenyewe unazidisha damu kuganda. Nenda leo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, hiyo ni dharura.

Kisiki: Shemeji anauliza, kaswende inathibitishwaje?

Maabara_Usiku: Kwa kipimo kingine, cha kingamwili dhidi ya kimelea chenyewe cha kaswende. Dada, upo?

Mtulivu_Nje: Nipo. Hizo sindano najichoma mwenyewe? Mpaka nijifungue?

Maabara_Usiku: Ndiyo, chini ya ngozi ya tumbo, na wiki kadhaa baada ya kujifungua. Utafundishwa.

Mtulivu_Nje: Navaa viatu.