Mjadala: Nani aliikwamisha Katiba mpya, waliosusa au waliobaki?

Wadau, salaam kutoka Tabora.

Jana jioni kijiweni Ng'ambo, kwenye kahawa, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema: "Bunge la vyama vingi ni la kuvutana tu. Kingebaki chama kimoja, mambo ya nchi yangekwenda." Mfano wake ulikuwa Bunge Maalum la Katiba la Tanzania la 2014: UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walisusa, mchakato ukafa. Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza kwa adabu, lakini sikubaliani naye, ndiyo maana nalileta hapa.

Tukumbushane. Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya Katiba mpya, ilikabidhi rasimu ya pili tarehe 30 Desemba 2013, ikipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. CCM, chama tawala, ikashikilia mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Bunge Maalum lilianza Februari 2014, na tarehe 16 Aprili CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi wakatoka ukumbini. Waliobaki wakaendelea, wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikupigwa tena.

Kwetu Tabora jambo hili linauma zaidi. Aliyekalia kiti cha Mwenyekiti ni marehemu Samuel Sitta, mtu wa Urambo. Aliyesimama kutangaza kutoka ni Profesa Lipumba, mtu wa Ilolangulu. Wana wa mkoa mmoja, mmoja ndani, mwingine nje.

Sasa, mzee wangu, Sitta huyohuyo ndiye aliyekuwa Spika mwaka 2008. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Mwakyembe ilipowasilisha ripoti ya kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, ukumbi ulijaa wabunge wa CCM, na wengi wao wakasimama kuihoji serikali ya chama chao wenyewe. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Vyama vilikuwepo, mivutano ilikuwepo, na kazi ikafanyika. Siku zile mbunge alikuwa anatazama mkataba wa umeme. Mwaka 2014 alikuwa anatazama msimamo wa chama, basi.

Asubuhi hii nimetoa sandukuni nakala zangu mbili, rasimu ya Warioba na Katiba Inayopendekezwa, nikaziweka mezani sambamba. Kwenye rasimu kuna kipengele nilichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu miaka ile: wapiga kura kuweza kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano kwisha. Kwenye Katiba Inayopendekezwa nimekitafuta, hakipo. Kiliondolewa wakati nchi nzima inabishana serikali ziwe ngapi. Mkulima wa tumbaku Sikonge anayesubiri malipo yake msimu mzima, na mbunge hapokei simu, kipengele kile kilikuwa chake. Nani alikipigania? Waliobaki ndio waliokifuta. Waliotoka, ambao niliwaunga mkono siku ile na leo nawalaumu, waliacha viti vitupu mahali ambapo kilihitaji mtetezi.

Na hiyo dawa ya chama kimoja, mbona tumekwisha kuionja? Tangu uchaguzi wa 2020 Bunge karibu lote ni CCM. Hakuna wa kususa, hakuna wa kutoka nje. Mbona kura ya maoni haikuitishwa? Kama wapinzani ndio waliokuwa kikwazo, kikwazo kilishaondoka.

Naomba mnaokubaliana na mzee wangu muanze kwa kunijibu hilo. Mlio upande wangu nanyi mseme: mchakato ukifufuliwa, uanzie rasimu ya Warioba au Katiba Inayopendekezwa? Mimi nasema uanzie rasimu, kwa sababu ya ule mstari mwekundu.