Tupeane uzoefu: unaishi na bipola (ugonjwa wa akili wa kupanda juu kupita kiasi kisha kuzama kwenye sonona), au na ndugu mwenye nayo

Mkweche: Jana kwenye daladala dada mmoja anaongea bila kituo, anagawa noti kwa abiria. Watu wanacheka, wanapokea. Nikamkumbuka marehemu mjomba. Wenye uzoefu njooni.

Binti Kilwa: Wanapokea! Hapo ndipo roho inauma.

Shemeji wa Wote: Kaka yangu alianza na sonona. Pazia limefungwa, haogi, chai inapoa mpaka inaweka utando. Dispensari moja ikampa dawa za sonona peke yake, hakuna aliyeuliza kama kuna vipindi huwa anachangamka kupita kiasi. Akaamka, tukamshukuru Mungu, kumbe ndiyo anapaa. Halali, anafua usiku wa manane, anapigia simu watu aliosoma nao shule ya msingi. Jumanne asubuhi tunasikia matarumbeta mtaani. Kutoka nje, ni yeye, juu ya Kirikuu, kavaa suti ya harusi yake, anatangaza anagombea ubunge. Uchaguzi wenyewe haupo! Kiwanja cha Chanika keshaandikishana na dalali kwa bei ya bure. Mama kamshika mkono, kaka kamsukuma, mtu ambaye hajawahi hata kumjibu. Vijana wa bodaboda ndio walitusaidia kumfikisha hospitali. Sindano ya kutuliza, akalazwa, baadaye akaanzishiwa lithiamu, dawa ya kumtuliza asipande wala kushuka.

Kobe Mzee: Matarumbeta walilipwa?

Shemeji wa Wote: Kabla ya kupiga. Kwa simu.

Mlokole Halisi: Hayo ni mapepo. Mdogo wangu aliombewa, akatupa vidonge, mzima wa afya.

Nesi wa Zamu: Katupa lini? Bipola hutulia yenyewe katikati, mtu akadhani kapona. Mwombeeni, na dawa ameze.

Mlokole Halisi: Unatetea biashara ya dawa.

Nesi wa Zamu: Biashara gani? Lithiamu ni chumvichumvi ya madini, John Cade wa Australia aliandika habari zake tangu 1949. Shida yake ni kipimo: ikizidi kwenye damu ni sumu. Ukiona anaharisha, anatetemeka sana, anayumba kama mlevi, kimbiza hospitali. Apimwe damu, anywe maji, na asijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni, zinaipandisha lithiamu kwenye damu.

Kobe Mzee: Mimi chumvi nimekatazwa, presha.

Nesi wa Zamu: Si ya ugali, mzee wangu.

Juu Chini: Mgonjwa mwenyewe niko hapa. Kile kipindi cha juu ni kitamu jamani, ndiyo maana tunaacha dawa. Unajiona umeelewa dunia nzima. Dalili yangu ni usingizi: nikilala kwa muda wa saa mbili tatu tu na sichoki, mke wangu anachukua simu na kadi ya benki. Tulikubaliana nikiwa nimetulia.

Binti Kilwa: Mtu mzima kunyang'anywa simu? Udhalilishaji.

Juu Chini: Njoo basi ulipe mikopo niliyokopa kwa hiyo simu.

Mama Pacha: Wifi yangu anameza valproeti, dawa nyingine ya bipola, ameolewa juzi. Vipi hapo?

Mlokole Halisi: Aache.

Nesi wa Zamu: ASIACHE ghafla! Aende kliniki wiki hii, kabla hajashika mimba, wambadilishie. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mama Pacha: Asante dada.

Kobe Mzee: Kiwanja kilirudi?

Shemeji wa Wote: Tuko baraza la ardhi. Dalali anadai siku ile kaka alionekana ana akili kuliko yeye.