Naomba ushauri: dawa ya baba inagombania njia na maharage

Wakuu, shikamooni, na wadogo zangu habari zenu.

Baba yupo Tukuyu, ana ugonjwa wa Parkinson (ule wa ubongo unaoleta kutetemeka), anatumia vidonge vya levodopa na kabidopa. Cha alfajiri anameza tumbo likiwa tupu. Baada ya muda anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Cha mchana anameza papo hapo na ndizi, maharage na kikombe cha mtindi. Hapo mkono unatetemeka mpaka kijiko kinagonga sahani. Nilishaanza kumlaumu muuza dawa kwamba kaniuzia feki, kumbe namwonea.

Mpwa wangu anayesoma bayokemia ndiye aliyenifungua macho. Levodopa ni asidi ya amino, inaingia ubongoni kwa kubebwa na kisafirishi kiitwacho LAT1, kile kile kinachobeba lusini na fenilalanini, asidi za amino zinazotoka kwenye protini ya chakula. Hata utumboni zinagombania kupita. Protini ikiwa nyingi, dawa inakaa foleni. Anasema maabara wanaziba LAT1 makusudi kwa kemikali iitwayo BCH. Mzee wangu anaziba kwa maharage!

Sasa wenye wagonjwa wa aina hii: mliwezaje kuhamishia nyama, maziwa na maharage kwenye mlo wa jioni bila mgonjwa kudhoofu? Baba ameshapungua, na Mnyakyusa umnyime maziwa mchana, ni ugomvi. Dozi sigusi, kliniki ni mwezi ujao Mbeya mjini. Mwenye ratiba ya saa za kidonge na chakula iliyomsaidia, naomba aiweke hapa nikamwonyeshe daktari.